Kumtafuta kaunsela, na la kufanya mambo yakiharibika usiku

Nina kibanda cha M-Pesa Kisauni, Mombasa, karibu na stendi ya tuktuk. Kazi yangu ni namba. Kutwa nasoma namba za watu, naziandika kwenye daftari, nawakumbusha waangalie vizuri kabla ya kubonyeza. Lakini siku niliyotakiwa kupiga namba moja tu, ya kaunsela, kwa shida yangu mwenyewe, niliumbuka. Mama mmoja alipokea kwa upole, "Haloo, karibu," nami nikamuuliza, "Samahani, mnauzaje?" Utadhani nataka mafungu mawili ya nyanya. Akanyamaza. Nikakata simu, nikaizima kabisa, nikakaa nayo mkononi kama nimeiiba.

Ilinichukua miezi miwili kupiga tena. Ujasiri nilikuwa bado sina. Nilikuwa na karatasi.

Kabla hujashika simu, andika mistari mitatu: unataka kuitwa nani, unasumbuliwa na nini na tangu lini, na unaomba nini. Usizidishe. Yangu bado ninayo, nimeibandika ndani ya jalada la daftari la kazi:

"Naitwa Mama Swabra. Tangu mwezi wa tatu silali vizuri, nalia bila sababu na kazi inanishinda. Naomba kujua kama una nafasi wiki hii, unatoza pesa ngapi, na kama naweza kuongea Kiswahili."

Nilimsomea neno kwa neno, kama mtoto wa shule anavyosoma risala mbele ya mgeni rasmi. Hakucheka. Akaniambia ana nafasi Alhamisi saa kumi, shilingi 2,500 kwa saa moja, na Kiswahili hakina neno. Simu nzima haikufika dakika tatu. Kama aliitambua sauti ya muulizaji wa nyanya sijui, nami sikumkumbusha.

Swali la Kiswahili usiliruke. Makaunsela wetu wengi wamesomea kwa Kiingereza, na usiposema mapema utajikuta umekaa pale unatafuta msamiati badala ya kueleza linalokuumiza. Najua, kwa sababu niliwahi kwenda kwa mmoja kabla ya huyu, nikamwambia nina "stresi", akaandika stresi, tukaagana na stresi yangu. Kwa lugha yangu ningemwambia kwamba kila nikiamka nahisi kuna mtu amenikalia kifuani, na kwamba nikisikia simu ya mama inaita mikono inanitetemeka. Hayo ndiyo mtaalamu anayotaka kuyasikia. Huhitaji kujua jina la ugonjwa wako. Mwambie unalala saa ngapi, unakula nini, ni lini mara ya mwisho ulicheka.

Kama sauti haitoki kabisa, mistari ileile itume kwa WhatsApp. Ila usimmwagie maisha yako yote kwa vijisauti kumi na vinne saa nane za usiku, ukaamka asubuhi umeona aibu na kumbloku (nimeshuhudia, si mimi safari hii). Na ujue kaunsela si zamu ya usiku. Anaweza kukujibu kesho mchana, naye hajakudharau. Jambo lisiloweza kungoja kesho lina njia yake, nitaifikia.

Sasa, unampata wapi? Mimi mwanzo nilimpata kwenye nguzo ya stima. Kati ya tangazo la mganga wa kurudisha mpenzi na la mkopo wa haraka kulikuwa na karatasi: "Daktari wa saikolojia, tatizo lolote, siku saba." Alitaka shilingi 3,000 mbele. Nilipofika hakuniuliza hata jina la kijiji cha mama yangu, akanifungia vidonge kwenye kipande cha gazeti, havina jina, havina maelezo. Vidonge hivyo nilivitupa chooni na pesa ikaenda. Kwa hiyo sikiliza: kaunsela au mwanasaikolojia kazi yake ni kuongea nawe, hakuandikii dawa. Anayeandika dawa ni daktari, na daktari bingwa wa magonjwa ya akili husajiliwa na baraza la madaktari, KMPDC, ambapo unaweza kulitafuta jina lake mtandaoni. Makaunsela na wanasaikolojia nao wana sheria yao tangu 2014, iliyounda bodi ya kuwasajili. Muulize bila woga, "Umesajiliwa wapi, na namba yako ya usajili ni ipi?" Wa kweli hakasiriki. Yule wa nguzoni alikasirika.

Njia ya bei nafuu zaidi ni hospitali ya serikali. Hapa kwetu ni Coast General kisiwani, na Port Reitz kule mbele ya Magongo, yenye wodi za wagonjwa wa akili. Ndiyo, Port Reitz. Najua ukisema jina hilo mbele ya watu wa Mombasa kila mtu anageuza shingo, kama vile watu wa Nairobi wanavyolitaja jina la hospitali ya Mathari, ambayo imekuwapo tangu 1910 na bado watoto wanatukanana nayo. Lakini kwenda kliniki si kulazwa. Unakaa benchi, unaitwa, unaongea, unarudi nyumbani kwa matatu ileile. Wengi niliowakuta kwenye benchi lile walikuwa wamevaa nguo za kazini. Uliza mapema dirishani siku za kliniki ni zipi, na kama SHA, bima ya afya ya serikali, inalipia unachokwenda kutafuta, maana tangu ichukue nafasi ya NHIF mwaka 2024 kila mtu ana maelezo yake na dirisha ndilo lenye jibu.

Kikao cha kwanza kisikutishe. Ni maswali mengi, na machozi pengine. Atakuambia utakayosema ni siri, isipokuwa akiona uhai wako au wa mtu mwingine uko hatarini. Asipokuambia, muulize wewe. Baada ya vikao viwili vitatu, kama unahisi unamwongelea ukuta, una haki ya kumwacha, tena bila kesi. Ujumbe mmoja unatosha: "Asante kwa muda wako, nimeamua kujaribu mtu mwingine. Unaweza kunielekeza?" Mimi nilifikiri ni kama kumwacha mume, kumbe wamezoea.

Wenye chumba kimoja na watoto watano huniuliza, nitaongelea wapi? Kama kikao ni cha simu, toka. Mimi mara ya kwanza nilikaa Mama Ngina, kwenye ukuta unaotazama mlango wa bahari, nikanunua mihogo ya kukaanga nisionekane wa ajabu, nikaongea saa nzima meli zikipita. Mwenye mihogo alidhani nagombana na mume aliye Saudia. Nikamwacha adhani.

Haya, sasa lile la usiku.

Mwaka 2021 mdogo wangu alikuwa hana kazi mwaka mzima. Alikuwa weita wa hoteli ya ufukweni. Korona ikafunga hoteli, hoteli ikafungua, yeye hakuitwa. Wiki moja akabadilika. Akamrudishia jirani shilingi 200 za zamani ambazo hata jirani alizisahau. Akampa mtoto wangu ile simu yake nzuri. Akapita nyumba kwa nyumba kuomba radhi, "Nisameheni kama nimewakosea." Mama alifurahi, akasema kijana ameongoka. Nami niliona amechangamka kidogo baada ya miezi ya kununa, nikashukuru Mungu. Ile ilikuwa kuaga.

Alichofanya usiku wa Jumamosi sitakieleza, hakimsaidii mtu. Tulimuwahi. Kwenye tuktuk mama alinishika mkono akaniambia, "Tukifika sema ameanguka bafuni." Tukasema ameanguka bafuni. Kwa nini? Kwa sababu kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai kilisema kujaribu kujiua ni kosa, na kifungo chake kilifika miaka miwili. Tuliogopa atoke wodini aingie seli. Daktari wa zamu akatibu alichoambiwa, akatupa dawa za maumivu, tukarudi naye nyumbani alfajiri, na hatari ileile ikiwa bado ndani yake. Tulilala kwa zamu mlangoni pake siku tisa, mimi, mama na mjomba, kama walinzi wa duka.

Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi ilitamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Waliopeleka kesi walikuwemo tume ya taifa ya haki za binadamu na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili. Nilisoma habari hiyo kibandani, mteja amesimama anangoja kutoa pesa zake, nikamwambia asubiri kidogo. Kwa hiyo ukimfikisha mtu wako hospitali, sema ukweli mlangoni, kwa sauti ya kusikika: "Amejaribu kujiua," au "Anataka kujiua na tunaogopa kumwacha peke yake." Ukisema ameanguka bafuni atatibiwa bafu.

Kabla ya kufika huko lakini, kuna kuuliza. Ukiona dalili, kugawa vitu, kuomba radhi kusikoeleweka, kusema "mtapumzika na mimi" au "nimechoka na dunia", keti naye mahali pasipo na watu umuulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Neno lenyewe. Usimuulize "huna mawazo mabaya, eti?" maana hapo umeshamwekea jibu mdomoni. Watu wanaogopa kwamba kuuliza kutampandikizia wazo. Hakupandikizi. Mdogo wangu aliniambia baadaye, "Dada, ningeulizwa ningesema. Nilikuwa nangoja mtu aniulize." Akijibu ndiyo, usihubiri. Usimwambie motoni, usimwambie mama atakufa kwa uchungu. Mwambie, "Asante kuniambia, sikuachi," kisha umuulize kama ameshapanga vipi na lini. Akiwa na mpango, usiku huo halali peke yake, na kile alichokusudia kukitumia kinatoka nyumbani, kinakwenda kwa jirani, si juu ya kabati.

Kisha simu. Namba hizi ziandike leo, ukiwa mzima na mtulivu, kwenye karatasi, kwa sababu usiku ule simu itakuwa haina chaji au mikono haitajua kufungua skrini:

1199, Msalaba Mwekundu wa Kenya. Ni bure, hata kama huna salio.
0722 178 177, Befrienders Kenya, ambao kazi yao hasa ni kumsikiliza mtu anayefikiria kujiua.
116, kwa mtoto. Bure.
1195, kama nyuma ya yote kuna kipigo au kubakwa. Bure pia.

Ya Befrienders ni namba ya kawaida, kwa hiyo weka salio la akiba, au ujue kwamba Okoa Jahazi, ile ya kukopa salio Safaricom, ipo kwa siku kama hizo. Wakipokea hawaanzi na mawaidha. Watauliza uko wapi, uko na nani, kuna hatari sasa hivi? Jina unaweza kutoa lolote. Na si lazima awe mgonjwa mwenyewe anayepiga. Dada, mke, jirani, yeyote. Ikiita bila kupokewa, nenda namba inayofuata, usikae kuitafsiri kama mkosi. Nakushauri hata upige siku moja ya amani kuhakikisha inaita. Ukipokewa sema tu, "Nahifadhi namba, asanteni," usiwachukulie muda.

Kama hatari iko mlangoni, usiendelee na simu. Tuktuk, gari la jirani, chochote, hospitali iliyo karibu yenye kitengo cha dharura. Kutoka Kisauni Port Reitz ni mbali: daraja la Nyali, kisiwa kizima, Makupa, Changamwe, Magongo. Sisi tuliingia hospitali ya karibu na ndivyo ilivyopaswa. Kuhamishiwa kwa wataalamu ni kazi ya hospitali. Chukua kitambulisho, dawa zote anazotumia na paketi zake, chaja, kanga au shuka. Mchague mmoja wa kusema na daktari. Tulipoingia sisi tulisema wanne kwa pamoja, daktari akamgeukia mlinzi.

Mama alimwita ustadh, na mdogo wangu akasomewa, akanyweshwa kombe, maji yaliyooshewa maandishi ya Kurani. Sikupinga, wala siwezi kukuambia upinge kwenu. Ustadh wetu alikuwa mtu wa maana, alimaliza kusoma akasema, "Na hospitali mpelekeni." Ukikutana na wa namna hiyo shikamana naye. Ukikutana na anayesema vidonge viachwe kwanza, au anayetaka mtu afungwe kamba au achapwe ili kitu kitoke, mshukuru, mpe nauli, funga mlango. Na dawa za mizizi alizokunywa zitaje kwa daktari hata kama unaona haya, maana zinaweza kugombana na zake.

Baada ya siku zile tisa tulimpeleka tena, safari hii kwa ukweli, akalazwa, akatoka na dawa na tarehe ya kurudi. Wiki za kwanza baada ya kutoka wodini ndizo za kumwangalia zaidi, wakati ambapo wageni wameacha kuja na kila mtu anaona kazi imekwisha. Dawa nyingi za huzuni hazifanyi kazi siku ya pili. Ni wiki kadhaa. Wiki ya pili mdogo wangu alisema hazina maana anaacha. Wiki ya tano aliomba chai ya maziwa na viazi karai. Akipata nafuu pia asiziache ghafla. Daktari ndiye anayepunguza.

Mtu aliye nje, wengi wa hapa wana binti Saudia, Oman au Dubai, ajue kwamba namba fupi kama 1199 hazikusudiwi kupigwa kutoka huko. Mwombe kaunsela wa huku kikao cha WhatsApp, na upange naye saa ambayo mwajiri amelala. Walio Tanzania wana Muhimbili kwa Dar es Salaam, Mirembe kwa Dodoma, Kidongo Chekundu kwa Unguja, na 116 ya watoto inafanya kazi kwao pia.

Mimi mwenyewe ndipo nilipoanguka, baada ya yeye kusimama. Miezi ya kumlinda ilinidai mwaka uliofuata, mwezi wa tatu, na hapo ndipo ilipoanza habari ya karatasi. Sasa ni kila Alhamisi ya pili, saa kumi. Mdogo wangu ndiye anayekaa kibandani. Huwaambia wateja dada amekwenda benki, na baadhi yao hutabasamu tu, kwa sababu namba ya kaunsela waliipata kwangu.